Karata dhaifu ya Dominion: ipime kwanza na Silver

Dominion ni mchezo wa karata ambao kila mchezaji hujinunulia karata za kuongeza kwenye rundo lake. Mtu akinionyesha karata yake mojawapo na kuuliza kama inafaa, namuuliza: kwa bei hiyo, Silver ungeiacha? Silver ni hazina, yaani karata ya pesa: bei yake sarafu 3, inakulipa 2 kila ikija mkononi, na ukishika tatu unazitumia zote tatu. Karata za vitendo hazina uhuru huo. Zamu moja ni kitendo kimoja, labda karata yenyewe ikuongezee.

Chukua Chancellor ya toleo la kwanza, la 2008. Bei yake 3, inatoa sarafu 2 kama Silver, halafu ukitaka unamwaga rundo lako lote la kuvuta kwenye karata zilizokwisha tumika. Shemeji yangu anaipenda kwa hicho kipande cha mwisho, eti inamletea manunuzi yake mapema. Haya, tuhesabu. Unaanza na karata 10: Copper 7, hazina za sarafu 1 moja, na Estate 3, karata za pointi zisizotoa sarafu. Kila zamu unashika tano, kwa hiyo zamu mbili zinazimaliza, umeshanunua mbili, unachanga 12. Chancellor ikitokea zamu ya tatu, rundo lina karata 7, na ukilimwaga, ulichonunua muda huohuo kinaweza kukufikia zamu ya nne. Ukiwa na Copper nne pembeni yake umepata 6, yaani bei ya Gold, hazina kubwa kuliko Silver. Tamu! Lakini kati ya zile 7 huenda imo Silver uliyonunua mwanzoni, ambayo ingekuja tu bila shaka kufikia zamu ya tano; sasa umeirudisha kwenye bahati. Na Chancellor ikichelewa hadi zamu ya nne, rundo lina karata 2. Hapo unamwaga nini?

Kwa hiyo kata karata vipande: kipi kinalingana na Silver, na kilichobaki kinafanya kazi mara ngapi katika mchezo mzima.

Kipimo hiki kina mahali kinapogota. Chapel ina bei ya 2, haitoi sarafu, haivuti karata. Kazi yake ni kutupa nje ya mchezo hadi karata nne za mkononi mwako, na wageni huipita bila kuitazama mara mbili. Mimi huinunua mapema karibu kila ikiwepo. Karata zako 10 za mwanzo zina sarafu 7, wastani wa 3.5 kwa mkono wa karata tano. Ondoa Estate tatu, ukiiweka Chapel yenyewe nje ya hesabu: karata 7, sarafu 7, mkono mmoja sarafu 5. Hujanunua hazina hata moja.

Hapo ndipo Thief inapoaibika. Unalipa 4 ili wapinzani wafunue karata mbili za juu nawe uwatupie hazina mojawapo. Mwanzoni hazina hiyo huwa Copper, ile iliyo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo unawafagilia nyumba bure.

Woodcutter nayo, bei 3, sarafu 2 na ununuzi mmoja wa ziada, mara nyingi naiacha. Kabla ya kuiacha natazama mafungu mengine tisa ya karata za kununua yaliyopo mezani. Kama kuna Gardens, inayolipa pointi 1 kwa kila karata 10 ulizonazo, ununuzi wa ziada unakuokotea Copper ya bure kila zamu, na Woodcutter inageuka kuwa karata ya maana. Chancellor, Woodcutter na Thief zote ziliondolewa kwenye toleo la pili la 2016, wala sikushangaa.

Ukibaki na shaka, cheza peke yako nyumbani. Raundi kadhaa nunua hazina tu na Province, ile karata kubwa ya pointi. Kisha raundi nyingine kadhaa, ongeza ile karata, nakala moja, mbili zikizidi sana. Andika umeshika Province ya nne zamu ya ngapi. Watu wawili wana Province 8 mezani, kwa hiyo ya nne ni nusu yake, na karata inayokuchelewesha hata zamu moja kuifikia irudishe kwenye boksi.