Picha za wadudu zinatoka ukungu? Angalia mwanga kabla hujalaumu lenzi

Mi karibu mwaka mzima nilikuwa nalaumu lenzi. Kila nikipiga maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kwenye mwembe, picha inatoka kama imepigwa jikoni kwenye mvuke, nikaanza kuchanga hela ya lenzi nyingine kabisa kumbe shida ni mwanga na mikono yangu mwenyewe.

Iko hivi. Ukimsogelea mdudu mpaka umbo lake kwenye sensa (kile kibamba cha kamera kinachonasa picha) lilingane na saizi yake halisi, eneo linalokaa kwenye fokasi linakuwa jembamba balaa, hata kwa f/11 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi, ikipanda tundu linabanwa) ni kama milimita 1 tu. Ukipata macho, kiuno kishapotea. Sasa wengi wakijua hivyo wanabana tundu mpaka f/22 au f/32, aisee usifanye, mwanga ukipita kwenye katundu kadogo vile unatawanyika na picha nzima inalegea, tena ukiwa karibu hivyo f/11 yenyewe inafanya kazi kama f/22. Mi nacheza f/8 mpaka f/11 basi.

Tundu likibanwa, giza. Jua la saa saba lipo ila linauma, mgongo wa mdudu unawaka cheupe na tumbo linakuwa kama mkaa, na ukisogea karibu we mwenyewe unamkinga. Kwa hiyo tafuta flashi, hata ya mtumba, ilimradi unaweza kupanga nguvu yake mwenyewe. Kamera weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO, yaani wepesi wa sensa kunasa mwanga, 100 au 200, shata sekunde 1/200, flashi 1/16 au 1/32 ya nguvu yake. Piga moja flashi ikiwa imezimwa, ikitoka nyeusi tii ndo sawa, maana yake mwanga wote utatoka kwenye flashi, na kwa nguvu ndogo hivyo inawaka na kuzima haraka kuliko shata yenyewe, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka kidogo haionekani.

Ila flashi tupu ni mbaya kuliko jua. Mi nilikata dumu la maziwa, lile jeupe linalopitisha mwanga, ndani nikabandika foili ya jikoni, mdomoni nikaweka karatasi ya kuokea, nikafunga na rababendi. Acha nafasi kidogo, plastiki isigusane na kichwa cha flashi maana kinapata moto. Halafu lisogeze karibu na mdudu kadiri atakavyokuvumilia, kwa sababu likiwa mbali ni sawa na taa ndogo tu. Kujua kama umepatia muangalie mbawakawa mgongoni: ukiona kidoti kikali cheupe bado, ukiona weupe mpana wenye kingo laini, tayari.

Fokasi ya otomatiki zima. Weka lenzi kwenye ukaribu unaotaka halafu usogee wewe, mbele nyuma taratibu, macho yakikolea bonyeza, piga hata 20 upate 2. Mkono wa kushoto ushike kijiti alichokaa mdudu na lenzi ilale juu ya mkono huohuo, upepo ukija mnayumba wote pamoja. Na mpige ubavuni, mwili ukiwa sambamba na kamera, ile milimita moja itafunika kuanzia kichwa mpaka mkia.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakiwa bado wamepoa, hizo habari za kuwaweka kwenye friji ili watulie mi sizipendi. Wa kujifunzia ni vunjajungu, anatulia. Utaona kidoti cheusi kwenye jicho lake kinakufuata kila unakohamia, hiyo sio mboni, na usikifokasi maana kinaonekana kama kiko ndani zaidi, we tafuta vile vijicho vidogovidogo vilivyo kwenye uso wa jicho lenyewe.

Kwa maji moto hiyo ya kushika kijiti isahau, mi nilishika mara moja nikavua shati mbele ya watu. Weka kipande cha samaki kwenye shina, mbali na kiota, wakija wawili watatu kuvuta una kama dakika nzima wametulia.