Blackjack ya mashindano: hesabu tokeni za jirani kabla ya karata zako

Kwenye meza ya kawaida ya blackjack, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuipita, unacheza dhidi ya kasino tu, yaani mgawaji wake. Jirani akishinda au akipoteza, haikuhusu. Unaweka dau upendalo ndani ya kiwango cha meza na kuondoka ukitaka. Meza ikilipa blackjack (21 kwa karata mbili za kwanza) 3 kwa 2, yaani 3 kwa kila 2 ulizoweka, nawe ukacheza bila makosa, kasino inabaki na faida ya takribani nusu asilimia.

Kwenye mashindano unalipa kiingilio mara moja. Wachezaji, mara nyingi 6 au 7, wanapewa tokeni sawa, tuseme 1,000 kila mmoja, ambazo hazibadilishwi kuwa fedha. Idadi ya migao, yaani mara karata zinapogawiwa, inajulikana mapema, kwa kawaida 20 hadi 30, na mwishoni anasonga raundi inayofuata mwenye tokeni nyingi, au wawili wa juu. Kwa hiyo aliyepoteza nusu ya tokeni anaweza kuongoza meza, na mwenye faida akatolewa. Upo pia mtindo wa mchujo: baada ya mgao wa 8, wa 16 na wa 25, mwenye tokeni chache kuliko wote anainuka.

Kitu cha kutazama kila mgao ni kile kibao kinachozunguka mezani. Aliye nacho ndiye anayeweka dau kwanza. Wa mwisho anaona madau yote kabla ya kuamua, na hilo lina thamani kubwa kuliko karata nzuri. Mapema kabisa, hesabu nani atakuwa wa mwisho kwenye mgao wa kufunga.

Chukua mfano huu. Umebaki mgao mmoja, anasonga mmoja, dau ni 10 hadi 500. Wewe una 1,000, mpinzani ana 1,200 na anaanza. Akiweka 500, atamaliza na 1,700 au 700. Wengi hapa huweka 500 kwa hasira, na hapo ndipo wanapotolewa: mgawaji akipita 21 mnashinda wote, naye anabaki mbele. Weka 290. Akipoteza anabaki na 700, nawe hata ukipoteza una 710. Akitoka sare na mgawaji, anabaki na 1,200, na wewe ukishinda unafika 1,290. Mchezaji hupoteza karata mara nyingi kidogo kuliko anavyoshinda, kwa hiyo ni afadhali kutegemea apoteze yeye.

Ukiwa wewe ndiye mwenye 1,200 na unaanza, weka 180. Ukipoteza unabaki na 1,020. Mpinzani mwenye 1,000 hawezi kukupita kwa kujificha na dau la 10, lazima aweke zaidi na ashinde. Ukiwa unaongoza na unaweka wa mwisho, fuata dau lake lilelile.

Uchezaji wa karata nao hubadilika mgao wa mwisho. Una 20, lakini hata ukishinda dau lako halimfikii anayeongoza? Kusimama, yaani kutoomba karata zaidi, hakukusaidii kitu. Dabo dau, yaani liongeze mara mbili, uombe karata moja. Kwenye meza ya kawaida huo ni upotevu mtupu. Hapa ndiyo njia pekee iliyobaki.

Kosa linaloumiza zaidi ni kukadiria tokeni za wengine kwa macho. Rundo refu linaweza kuwa la tokeni ndogo. Hesabu kwa rangi, tangu migao mitano kabla ya mwisho.

Kwa mazoezi hapa Kigoma, iwe Ujiji au Mwanga, pakiti mbili za karata na kokwa za mise zinatosha: kokwa moja iwe 10, kila mtu apate kama kokwa 100. Msiweke fedha, maana kuchezesha kamari bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, na kasino hairuhusu aliye chini ya miaka 18. Chezeni migao mitano ya mwisho tu, mkianza na idadi tofauti za kokwa, na kila baada ya mchezo mbadilishane viti ili kila mmoja azoee kuweka dau kwanza na mwisho.