Kuchagua ukubwa wa hita ya maji ya pampu ya joto

Hita hii huvuta joto kutoka hewani na kulihamishia kwenye maji, kama friji inayofanya kazi kinyume. Hutumia umeme kidogo lakini ni ya polepole, hivyo mzigo wote wa saa ya pilikapilika hubebwa na tangi. Usihesabu watu tu, hesabu saa hiyo.

1. Weka ndoo chini ya shawa kwa dakika 1. Ukipata lita 8 na mtu huoga dakika 8, anatumia lita 64.

2. Hizo si lita za moto tupu. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 20, ya tangi 55 na ya kuogea 40, sehemu ya moto ni (40 − 20) ÷ (55 − 20), yaani 20 ÷ 35 ya zile lita 64, ambayo ni lita 37 hivi. Waogaji wanne ni 148. Ongeza 20 za vyombo: 168.

3. Gawanya kwa 0.75. Maji baridi huingia chini ya tangi kila unapofungua bomba, na robo ya mwisho hutoka vuguvugu. Unapata 224, basi nunua la lita 250.

4. Kagua muda wa kupasha upya. Lita 1 kupanda nyuzi 1 inahitaji wati-saa 1.16, kwa hiyo 250 × 35 × 1.16 ni kama kilowati-saa 10. Pampu inayotoa joto la kilowati 1.5 itachukua karibu saa 7. Soma kibandiko kwa makini: wati 500 za umeme inaoutumia siyo joto inalotoa. Wengi huchanganya hapo.

Swali: Nina tangi la lita 150. Nikipandisha hadi nyuzi 65 si litatosha watu wanne?

Jibu: Kila mmoja atatumia lita 28.4 za moto badala ya 37, wote wanne 114 hivi, lakini 114 ÷ 0.75 ni 152. Tangi linaisha kabla ya vyombo. Tena pampu hupoteza ufanisi kadiri maji yanavyozidi kuwa moto, na nyuzi 65 huunguza ngozi upesi sana: lazima uweke valvu ya kuchanganyia maji ya moto na baridi.

Swali: Naweza kuifunga kwenye stoo ndogo?

Jibu: Kwa kawaida huhitaji chumba cha mita za ujazo 20 hivi, ila fuata kijitabu cha mtengenezaji. Ikibanwa, hupoza hewa yake yenyewe na kompresa haipumziki. Weka mlango wenye matundu juu na chini, au mifereji ya hewa. Usisahau bomba la kutolea maji ya umande.