Jinsi ya kuchora ukoo wenu kama kuna skizofrenia kwa familia

Kama kwenu huku Kisumu, Siaya ama Kakamega kuna mtu ana skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini vitu haviko) na watu wameanza kubishana kama ni damu ama ni chira (laana ya kuvunja mila), chukueni karatasi kubwa, biro, na shangazi mmoja mwenye anajua mambo ya nyumba zote, mchore ukoo.

Anzeni na babu na nyanya mshuke mpaka watoto. Mwanaume boksi, mwanamke duara, mgonjwa mnampaka wino. Kwetu shida huingia kwa wake wengi, manake watu huandika "ndugu" na kuachia hapo, kumbe mtoto wa mikayi (mke wa kwanza) na wa nyachira (mke wa pili) wanashea baba peke yake, jeni zao zinafanana kama robo hivi, si nusu, kwa hivo kila mtoto aandikwe chini ya mama yake. Na kama mjane alirithiwa, mtoto anaitwa wa marehemu lakini jeni ni za aliyemzaa. Hiyo uliza pole pole mkiwa wawili na shangazi, si mbele ya watu, tafadhali.

Usiulize nani alikua na skizofrenia, wazee watanyamaza. Uliza nani alianza kusikia sauti, nani aliacha shule fomu tatu akajifungia kwa simba (nyumba ya kijana), na alikua miaka ngapi. Wenye walichanganyikiwa ju ya malaria ya kichwa, kifafa ama pombe waandike pembeni. Kisha mpelekeeni daktari wa akili hiyo karatasi.

Msiogope wino ikiwa mingi. Kwa watu 100 karibu 1 hupata huu ugonjwa, na mzazi mmoja akiwa nao ni kama watoto 10 kwa 100, yaani 90 hawapati!

Na hakuna kipimo cha DNA cha kukuambia utaugua, mtu akikuuzia usitoe pesa. Utafiti mkubwa wa 2022 ulipata sehemu 287 za DNA zinazochangia, kila moja kidogo sana, na wengi waliopimwa walikua wa asili ya Ulaya, ndio maana Moi University pale Eldoret iliingia kwa NeuroGAP, utafiti wa jeni za magonjwa ya akili Afrika, pamoja na Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Kitu moja tu, mgonjwa wenu kama alizaliwa na shida ya moyo ama kaakaa limepasuka ambieni daktari, kuna kipande cha kromosomu 22 (moja ya nyuzi zenye hubeba DNA) kikikosekana huleta hayo yote na hatari ya skizofrenia hupanda sana.

Mkiombwa mate ya utafiti wa DNA, nusu saa kabla mgonjwa asile, asinywe, asivute sigara, halafu ateme kwa kichupa mpaka mate yenyewe yafike mstari, povu haihesabiwi. Anayesaini ni mgonjwa mwenyewe, siku akili imetulia, na akikataa kliniki yake inafaa iendelee vile vile. Kabla asaini ulizeni mate yatawekwa wapi, kwa miaka ngapi, na akitaka kujitoa baadaye apigie nani.