Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchoma Dhahabu kwa Zebaki

Mchimbaji mdogo anayetumia zebaki, awe Geita au Chunya, ayapange haya kabla hajaanza kazi. Glavu za mpira zivaliwe wakati wa kunasa dhahabu, yaani kuichanganya na zebaki ili zishikane. Zebaki isihifadhiwe chumba cha kulala, wala isitiwe kwenye chupa ya soda.

Linalodharauliwa zaidi ni mahali pa kuchomea, yaani pa kuipasha moto zebaki itoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Jirani yetu mmoja, katika nyumba ya kupanga, alikuwa akichomea jikoni juu ya jiko la mkaa kwa kuhofia kuibiwa mwaloni, yaani mahali pa kusafishia dhahabu. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na takribani asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini. Hivyo majigambo yake kwamba hasikii chochote hayakuwa na maana. Usingizi ulimpaa, fizi zikatoka damu, akawa mkali kwa mkewe bila sababu, na mkono ukatetemeka hata chai ikawa inamwagikia sahanini kabla ya kufika mdomoni. Alimeza dawa za malaria tena na tena, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kazi yake naye hakuitaja, mpaka tabibu mmoja alipoagiza mkojo upimwe zebaki. Wakati huo mkewe alikuwa mjamzito, na mvuke huo huvuka kondo la nyuma ukamfikia mtoto. Basi ukifika zahanati, taja kazi yako kabla ya kutaja homa.

Chomea nje, mbali na makazi, ndani ya retoti, yaani chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki irudi na kutumika tena. Anayelalamika kuwa ni ghali ahesabu kwanza zebaki anayoipeperusha. Kikaango kilichochomewa kisirudi jikoni, nguo za kazi zisifuliwe na za watoto, na maji ya mvua yasikingwe kwenye bati lililo karibu na pa kuchomea.

Marudio yenye zebaki, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kunaswa dhahabu, yasipelekwe kwenye sayanaidi, kemikali ya kutolea dhahabu iliyosalia, kwani sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuifanya isambae majini kwa urahisi. Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako samaki wenye zebaki ya kiwandani walilemaza watu, unataka desturi hiyo ikomeshwe, pamoja na kuchomea kwenye makazi. Ndani ya maji bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayojilimbikiza katika samaki, hasa wakubwa walao wenzao; wajawazito wanaoishi upande wa chini wa mialo, maji yanakoelekea, wapendelee dagaa, na visima navyo vichimbwe upande wa juu wa mialo.