Gari linawaka asubuhi, ukilizima halirudi: jinsi ya kutafuta kinacholowesha plagi

Juni na Julai hapa Njombe, sakitu ikiwa bado imelala juu ya majani, simu za asubuhi hufanana. "Fundi, gari limewaka vizuri tu, nimelitoa nje nikalizima nifunge geti, sasa linazunguka halishiki." Ukifika, harufu ya petroli inakupokea kabla hujafungua boneti. Ukitoa plagi, zimelowa chapachapa.

Wengi hapo huweka plagi mpya. Gari linawaka, mteja analipa, na wiki haijaisha hizo mpya nazo zimelowa. Plagi haijiletei mafuta yenyewe. Ama kuna kinachomwaga kupita kiasi, ama cheche haitoshi kuyachoma yaliyoletwa. Kazi yetu ni kujua ni kipi.

Petroli kwenye baridi haigeuki mvuke kirahisi. Sehemu yake kubwa inanata kwenye kuta za manifoldi (njia ya kuingizia hewa) na silinda, kwa hiyo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huongeza dozi ili kiasi kinachofika kwenye cheche kitoshe. Ukizima baada ya nusu dakika, mafuta yale bado yako ukutani. Ukipiga selfu tena, boksi inasoma joto la kulanti (maji ya kupozea injini), inakuta bado ni baridi, inamwaga dozi ya kuwashia upya. Yaliyobaki haiyahesabu. Ndiyo maana hata gari zima linaweza kufanya hivi mara moja moja. Likifanya kila asubuhi ya baridi, lina ugonjwa.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kushika spana

Je, linawaka vizuri mara ya kwanza, likikataa ya pili tu? Anza na sensa ya joto, kifaa kinachoiambia boksi joto la kulanti. Linasumbua tangu mara ya kwanza baada ya kulala usiku kucha? Shuku nozeli (kinyunyizi cha mafuta) inayovuja. Linasumbua hata likiwa la moto, limezimwa dakika ishirini sokoni? Hapo presha ya mafuta na nozeli zinatangulia. Uliza pia ulaji wa mafuta na moshi mweusi. Mwenye gari mara nyingi anajua ila hajaona kama vinahusiana.

Hatua ya 2: Kausha injini bila kuiumiza

Kanyaga mafuta hadi chini, uache mguu hapohapo, usipampu, kisha piga selfu kwa sekunde zisizozidi kumi. Kwenye injini nyingi za nozeli, boksi ikiona pedali imefika mwisho wakati wa kuwasha, inakata mafuta. Kwenye kabureta, unaingiza hewa nyingi. Pumzisha selfu nusu dakika, rudia mara mbili au tatu.

Likikataa, toa plagi zote. Kabla ya kuzungusha injini, chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, na chomoa waya za koili. Hili naomba ulichukulie kwa uzito: petroli itaruka kwenye matundu ya plagi kama ukungu, na cheche moja inatosha kuwasha moto usoni pako. Zungusha, acha matundu wazi kwa muda, kisha weka kijiko cha chai cha oili ya injini kwenye kila silinda. Petroli imeosha oili kwenye kuta, kompresheni imeshuka; ndiyo maana selfu inasikika nyepesi, kama injini haina kitu ndani. Oili hiyo inaziba nafasi kwenye ringi za pistoni kwa muda.

Plagi zifute kwa kitambaa safi na uzianike. Ile desturi ya kuzimwagia petroli na kuzichoma, au kuzilaza juu ya jiko la mkaa, iache. Unaweza kupasua kauri yake, na mwali wazi hauna nafasi kwenye gari linalonuka petroli.

Mwisho chomoa kijiti cha oili, unuse. Kikinuka petroli na kiwango kimepanda, badilisha oili kabla gari halijasafiri.

Hatua ya 3: Betri na cheche

Betri iliyojaa ina takriban volti 12.6. Pima tena mtu akipiga selfu: ikishuka chini ya 9.6, injini inazunguka polepole na cheche inadhoofika, huku nozeli zinaendelea kumwaga. Angalia pengo la plagi, waya zake, na kifuniko cha distribyuta kama kina ufa au unyevu.

Hatua ya 4: Sensa ya joto la kulanti

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Kwanza hakikisha umeshika sensa sahihi. Ya waya mmoja mara nyingi ni ya mshale wa dashibodi. Unayoitaka ina waya mbili, na kwenye Toyota nyingi soketi yake ni ya kijani. Nimeona watu wakibadilisha ya dashibodi na kushangaa tatizo limebaki.

Kama gari linakubali skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), kazi ni rahisi. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima, weka swichi ON bila kuwasha. Joto la kulanti na joto la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana sana. Hewa ikisoma nyuzi 7 na kulanti hasi 15, umempata mwongo.

Bila skana, tumia multimita. Zima swichi, chomoa soketi, pima ukinzani kwenye sensa. Kwa sensa za Toyota za kawaida:

nyuzi 0: kilo-omu 4 hadi 7
nyuzi 20: kilo-omu 2 hadi 3
nyuzi 40: kilo-omu 0.9 hadi 1.3
nyuzi 80: kilo-omu 0.2 hadi 0.4

Unaweza kuifungua na kuichovya ncha kwenye maji pamoja na kipimajoto, ukaongeza ya moto kidogo kidogo. Namba zishuke taratibu bila kuruka.

Sasa sikia linaloponza mafundi wengi: sensa ikipita kipimo, wanaiacha. Mama mmoja mfanyabiashara wa viazi aliniletea gari lake dogo aina ya saluni likiwa limebadilishwa plagi mara tatu na sensa mara moja. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Asubuhi ile sensa ilinipa kilo-omu 4.6, sawa kabisa na baridi iliyokuwepo. Nikairudisha soketi, nikachomoa soketi ya kontroli boksi, nikapima kutoka huko: kilo-omu 11. Nikaifungua soketi ya sensa chini ya tochi. Pini moja ilikuwa imevaa unga wa kijani. Kulanti ilikuwa ikivuja tone kwa tone na kuingia humo. Kutu ile iliongeza ukinzani, boksi ikaamini injini imelala kwenye friza.

Mbona taa haikuwaka? Kwa sababu namba ile bado inawezekana. Waya ukikatika kabisa, Toyota za miaka ya 1990 zinatoa kodi 22 (namba ya kosa), na boksi inajifanya joto ni nyuzi 80. Hapo gari linakosa mafuta. Waya uliooza nusu ndio unaolowesha plagi kimyakimya. Pima sensa, kisha pima kutoka kwenye boksi, na tikisa waya unapopima.

Hatua ya 5: Presha ya mafuta na nozeli

Kwa injini nyingi za Toyota zenye regyuleta (kidhibiti presha) kwenye reli, bomba linalogawa mafuta kwa nozeli, presha ni psi 38 hadi 44 ukiwa umechomoa mpira wa vakyumu (mpira mwembamba unaotoka regyuleta kwenda manifoldi). Zima, subiri dakika 5: isishuke chini ya psi 21. Nusa mpira huo wa vakyumu. Ukiwa na petroli ndani, ngozi ya regyuleta imetoboka na injini inanywa mafuta kupitia hapo.

Presha ikishuka haraka, toa reli na nozeli zake, washa pampu bila kuzungusha injini, uangalie ncha. Tone moja kwa dakika ndiyo mwisho wa kuvumilia.

Hatua ya 6: Filta ya hewa na choki

Filta iliyoziba vumbi, badilisha. Kwenye kabureta, hakikisha choki (kibao kinachopunguza hewa wakati wa baridi) inafunguka injini inapopata joto, na boya linalopima petroli ndani yake halijakwama.

Hatua ya 7: Rudia kosa lenyewe

Usikabidhi gari mchana jua likiwaka. Lilaze gereji. Asubuhi liwashe, lisogeze mita chache, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Saluni ya mama yule ililala kwangu siku tatu, nikiwa nimeweka soketi mpya na kuziba uvujaji. Siku ya tatu kulikuwa na sakitu hadi kwenye kioo, na lilishika kwa selfu ya kwanza mara zote mbili.