Kutoa wimbo kwenye simu ya Mwalimu na kuufikisha kwenye nota za kwaya

Mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, upande wa Mikindani, hutungia shambani. Wimbo ukimjia akiwa kwenye mikorosho anasimama, anatoa simu, anaimba, anairudisha mfukoni na kuendelea kupalilia. Siku aliponiletea hiyo simu ilikuwa na nyimbo kumi na tano. Alitaka solfa (noti za do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi) ya sauti nne, karatasi ya kugawa kwa wanakwaya. "Mwanangu," akaniambia, "umri huu siwezi kuanza kujifunza nota za mistari mitano."

Niseme mapema nilikosimama. Wapo wanaoandika sentensi mbili ndani ya Suno au Udio, programu za akili mnemba za kutunga nyimbo, wakapewa wimbo mzima, na ngoma na waitikiaji juu. Mwalimu wimbo anao tayari. Anachokosa ni karani, na kazi hiyo ya ukarani ndiyo nimeipa akili mnemba. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtunzi anayeimba vizuri lakini haandiki, au wa yule ndugu yake aliyebebeshwa mzigo wa kumwandikia.

Vitu vinavyohitajika: kompyuta yoyote isiyozimika ovyo, Audacity (ya kurekodi na kukata sauti), MuseScore (ya kuandika nota) na Basic Pitch (ya kugeuza sauti kuwa noti). Programu zote tatu ni za bure. Wengi wetu tulijifunza kuandika nota kwa programu ya Finale, lakini Agosti 2024 wenyewe walitangaza kwamba hawaiendelezi tena, kwa hiyo anayeanza leo asianzie huko. MuseScore mimi natumia toleo la 3 kwa kazi hii hata kama la 4 linapendeza zaidi machoni. Sababu utaiona kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Sikiliza, chagua wimbo mmoja

Mmoja tu. Usikubali kuanza na kumi na tano.

Kama rekodi uliyonayo ni ya kwaya nzima na ngoma, unaweza kuipitisha kwanza kwenye Demucs, programu ya watafiti wa Meta inayochambua wimbo na kuutoa katika mafaili manne: sauti za watu, ngoma, besi na mengineyo. Inafanya kazi nzuri sana. Ila usitarajie ikutenganishie soprano na alto. Hao wote ni sauti za watu, watatoka faili moja wakiwa wameshikana vilevile.

Hatua ya 2: Mrekodi upya, na metronomu sikioni

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza nilichukua rekodi ya shambani kama ilivyo, nikaigeuza kuwa MIDI (faili linalobeba noti badala ya sauti yenyewe), nikaifungua kwenye MuseScore. Noti zenyewe zilikuwa sahihi, nikicheza nasikia wimbo wa Mwalimu. Lakini karatasi ilikuwa kama kuku amepita na matope: noti zimefungwa kwa pinde tatu tatu, vituo vya moja ya thelathini na mbili, pigo la kwanza limeangukia katikati ya baa (baa za muziki, si zile za kunywea). Nikaanza kurekebisha noti moja moja. Nilianza baada ya chakula cha mchana, na umeme ulipokatika jioni nilikuwa baa ya kumi na moja.

Sababu ni hii. Basic Pitch inajua sauti gani imeimbwa na kwa sekunde ngapi, lakini haijui pigo liko wapi. Usipoigusa, faili inaliandika kwa kasi ya 120, yaani kila noti ya robo ni nusu sekunde, hata kama mwimbaji aliimba kwa kasi ya 93 na akapunguza kila alipovuta pumzi. MuseScore nayo inapanga baa zake kwa kufuata hiyo 120. Hata ukibadilisha namba, bado hujapona, kwa sababu Mwalimu akiwa peke yake hana kasi moja. Hakuna mtu aliye nayo.

Dawa ni kumleta mwimbaji kwenye 120 badala ya kupambana na faili baadaye. Na hapa kuna hesabu ndogo iliyoniokoa. Wimbo wetu ni wa matoleo, una mwendo wa sindimba, kipimo chake 6/8, yaani noti za nane sita kwa baa. Ukiweka metronomu igonge 80 kwa dakika, na kila pigo moja libebe noti tatu za nane, dakika moja inakuwa na noti za nane 240. Noti za nane 240 ni robo 120. Kwa hiyo mwimbaji anasikia 80, mwendo wa kuchezeka kabisa, na faili inasoma 120, na vyote viwili vinakaa bila kugombana. Kwa wimbo wa 4/4 weka 120 moja kwa moja. Kama ni wimbo wa taratibu, weka 60. Noti zitatoka zikiwa na urefu maradufu, na MuseScore ina amri ya kubandika kwa nusu urefu. Kasi halisi ya wimbo utaiandika mwishoni juu ya karatasi, haihusiani na hii.

Kwenye Audacity fungua menyu ya Generate, chagua Rhythm Track, andika kasi 80 na mapigo mawili kwa baa. Mwimbaji avae hedifoni, asikilize baa mbili tupu, ndipo aingie. Baa moja ya namna hii ni sekunde 1.5, mbili ni 3. Ukimaliza kurekodi unafuta ile sauti ya metronomu na kukata sekunde 3 za mwanzo kamili, si takriban, na pigo la kwanza la wimbo linakaa kwenye sifuri. Wimbo ukianza kabla ya pigo, kama nyimbo zetu nyingi zinavyopenda, kata 1.5 tu, uache baa moja ya kuanzia.

Mambo yatakayokuharibia:

Hedifoni za bluetooth. Zinachelewesha sauti, mwimbaji anafuata pigo lililokwisha kupita. Tumia za waya, hata zile za bei ya chini za pale stendi.

Kompyuta nayo huchelewa kidogo. Kabla hajaimba, piga makofi manane kufuata metronomu, kisha kuza picha ya sauti uangalie kama kofi na pigo la metronomu vinakutana. Kama havikutani, sogeza rekodi kwa kiasi hicho hicho.

Mtunzi mwenyewe. Mwalimu alichukia metronomu. Alisema inamgonga kichwani kama fundi bati. Nikaitoa, nikampigia mimi kofi mezani nikiwa nimevaa hedifoni mwenyewe, akatulia. Kofi liliingia kwenye rekodi, tukalazimika kuhamia mkekani nimpigie pajani. Ikikubidi fanya hivyo.

Mpe do kutoka kwenye kinanda kabla hajaanza, vinginevyo ataanzia katikati ya funguo mbili na utapata wimbo wenye bemoli sita. Na aimbe "la" au "du", asiimbe maneno. Konsonanti ya mbele inaisaidia mashine kujua noti moja imeisha na nyingine imeanza. Akiimba "aaa" noti mbili za sauti moja zinaungana.

La mwisho: usisafishe rekodi kwa zana zile zinazotangazwa kuondoa kelele kwenye mazungumzo. Zimefundishwa kuongea kwa watu, zikikutana na noti ndefu zinaigeuza kuwa kitu kama mtu anayesukutua. Jogoo akiwika, rudia. Funga dirisha, zima feni.

Hatua ya 3: Basic Pitch

Ni kazi ya Spotify, ilitolewa 2022, na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Sauti ya Mwalimu haipakiwi kwenda popote, kwa hiyo bando haliumii. Buruta faili la WAV, subiri. Kisha punguza uwanja: kwa mwanaume niliweka sauti ya chini kabisa kama Hz 80 na ya juu kama 400, vipande vyote vya ajabu juu vikatoweka. Ongeza kidogo urefu mdogo unaokubalika wa noti, ili kila mtetemo wa koo usigeuke noti. Pakua MIDI.

Ngoma usijaribu hata kuipitisha hapa. Zana hii inatafuta sauti zenye noti inayoimbika, na chombo kimoja kwa wakati. Ngoma ya sindimba ataiandika mtu aliyewahi kuipiga, au haitaandikwa, na wapigaji wetu hawajawahi kuomba karatasi.

Hatua ya 4: MuseScore

Ukifungua MIDI kwenye toleo la 3, chini inatokea paneli ya mipangilio. Chagua kipimo 6/8, weka noti ndogo kabisa iwe ya nane kama wimbo hauna zilizo fupi zaidi, na ondoa alama ya uimbaji wa kibinadamu, kwa sababu umeshamfunga mwimbaji kwenye pigo. Kama hatua ya 2 uliifanya kwa uaminifu, karatasi itatoka safi. Kwenye wimbo wetu wa baa 24 nilirekebisha noti saba.

Solfa naiandika kama maneno chini ya noti, d r m f s l t, mstari wake peke yake.

Hatua ya 5: Sauti nyingine tatu

Hapa vijana wanakimbilia kuiachia mashine yote. Tarehe 21 Machi 2019 Google waliweka kwenye ukurasa wao mchezo wa siku ya kuzaliwa ya Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani: unaandika melodia ya baa mbili, nao unaongeza sauti tatu. Mfumo ule ulifundishwa kwa nyimbo 306 za kwaya za Bach, na ulichokupa kilikuwa Leipzig tupu, mji wa Bach. Mashine hutoa ilicholishwa. Kwaya yetu inapenda alto itembee sambamba na soprano, tatu chini, kama mtu na mdogo wake njiani, na besi ijibu pale wengine wanapovuta pumzi. Jambo hilo siwezi kulieleza kwa sentensi, ila naweza kuliimba.

Kwa hiyo naiomba ChatGPT kitu kimoja: naipa melodia kwa maandishi ya ABC (noti zilizoandikwa kwa herufi A hadi G), siyo solfa (solfa inaivuruga, inahesabu mapigo vibaya), na naomba mapendekezo matatu ya kodi (noti zinazolia pamoja) kwa kila baa. Mawili huwa ya kawaida. La tatu mara nyingine linanishtua vizuri. Baa ya 17 ya wimbo wetu ilipata kodi ambayo nisingeifikia mwenyewe, Mwalimu akaisikiliza mara mbili, akasema, "Hiyo iache." Ikikuandikia sauti kamili, hakiki besi kwanza. Huwa inaishusha hadi mahali ambapo kwa kwaya yetu ni mtu mmoja tu anafika, tena asubuhi.

Hatua ya 6: Maneno

Andika mwenyewe. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito likikaa pengine msikilizaji anasikia neno jingine: barabara ya kupita na barabara ya kusema sawasawa zinatofautiana kwa mkazo tu. Sauti za kuimba zilizotengenezwa na mashine zinakosea hapohapo, na "mtu" zinamwimba "umtu", kwa sababu hazijui kwamba m ile ni silabi inayojitegemea na inastahili noti yake. Soma shairi ukipiga pigo mezani kabla hujalibandika.

Hatua ya 7: Gawa

Toa PDF, na MP3 ya kila sauti peke yake moja kwa moja kutoka MuseScore. Sauti ya kinanda inatosha. Tuma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, kila sauti ikiwa na jina lake, maana tenor watapakua ya soprano.

Ile rekodi ya shambani usiifute. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba maelekezo pekee uliyoiandikia mashine hayakufanyi mtunzi wa ilichotoa. Ukienda kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, sauti ya Mwalimu akiimba kati ya mikorosho, na tarehe yake kwenye simu, inaonyesha wimbo ulitoka wapi. Mimi nimeweka nakala mbili, moja kwenye flashi.

Zimebaki kumi na nne. Jana amenipigia kuniambia amenunua hedifoni za waya, na kwamba usiku umemjia mwingine.